Pasi ya Mkaa

Pete ndiyo iliyoanza kusema.
Alfajiri, nikinawa, haizunguki.
Kidole kimeumuka usiku kucha kama andazi,
nikikunja ngumi, ngumi inakataa
mpaka saa mbili, jua likifika kizingitini.

Nikasema: umri.
Nikasema: kipupwe hiki.
Fizi zikaacha wekundu kwenye mswaki,
nikasema mswaki mgumu.
Nikaamka nimechoka kama mtu aliyekesha,
na kulala nililala.

Mimi ni fundi, Barabara ya Kumi na Tisa, Ngamiani.
Nguo inayobana najua inasema nini.
Mwili nao ulikuwa unanibana kwapani,
nikaupa jina la uvivu.

Zahanati ya Makorora, tabibu Shemzigwa,
kijana ambaye kaptura yake ya kwanza ya shule niliikata mimi,
akapima malaria: hamna.
Taifodi: hamna.
Akatoa damu ya tatu, akaisubiri.
"Bi Mwanakombo, homa huna. Moto unao."
Moto gani usio na homa?
"Mdogo, wa siku nyingi. Sindano ikikuchoma kidole,
kidole huvimba, hupona, hunyamaza.
Wako umesahau kunyamaza."

Sikumwelewa.
Nilimwelewa Jumanne, umeme ulipokatika
na nina sare kumi na moja za kunyoosha.
Nikateremsha pasi ya marehemu mama,
ile yenye jogoo wa shaba kwenye komeo.
Nilipomaliza niliiacha mezani: jivu jeupe,
wala cheche, wala moshi.
Asubuhi nikaiinua.
Chini yake doa la rangi ya kahawa,
umbo la pasi, limezama ndani ya mninga.
Hakuna jirani aliyekimbia na ndoo.
Hakuna aliyesikia harufu, hata mimi
niliyelala hatua sita kutoka hapo.

Nikakaa kwenye kigoda nikalitazama doa,
kisha nikalitazama goti langu.

Pasi huimwagii maji. Itapasuka,
na jivu litaharibu nguo za watu.
Unafungua kifuniko, unaacha kupuliza,
unatoa kaa mojamoja kwa koleo.

La kwanza lilikuwa kikombeni:
vijiko vinne vya sukari, na soda ya saa kumi juu yake.
Sikuacha. Nilipunguza kama ninavyopunguza kiuno,
nusu inchi, halafu nusu inchi tena.
Chipsi za Mbelwa pale kona, mafuta meusi kama ya gereji,
zikawa za Ijumaa tu.
Siku nyingine kunde, dagaa,
mchunga na uchungu wake wote.

Baiskeli nikaitoa uani, mnyororo una kutu kama mwenyewe.
Raskazone na kurudi, jua halijakomaa,
napitwa na wauza mikate, wananipigia kengele,
"Mama, kanyaga!"
Nakanyaga.

Saa nne usiku cherehani inavaa kofia yake.
Mteja mwenye lawama alaumu mchana.

Na meno, kumbe mdomo nao ni jiko:
nausugua taratibu, hata siku nimechoka.

Lipo kaa moja sijalitoa.
Dada yangu Mwanjaa, shamba la Pongwe,
minazi kumi na minane na mpaka uliohama usiku.
Mwaka wa sita hatusalimiani.
Nikimkumbuka, taya zinauma.
Jana nilimpigia,
nikakata kabla simu haijaita.
Koleo langu fupi.

Miezi mitano sasa. Shemzigwa amepima tena:
imeshuka, haijaisha.
Goti bado linanung'unika kwenye ngazi za benki.
Meza sikuipiga randa; nakatia nguo palepale,
chaki ikipita juu ya doa inasita kidogo.

Leo alfajiri, nikinawa,
pete ilizunguka robo duara
ikagomea kwenye kifundo.
Nikaiacha.
Ina haraka gani.