Mifupa Minne

Tulikuwa na mifupa minne ya kifundo cha kondoo,
imelainika kama sabuni inayokaribia kwisha,
kila mmoja na sura nne: farasi, ngamia, kondoo, mbuzi.
Alfajiri, kabla mama hajaamka,
niliirusha ndani ya blanketi isitoe mlio.
Farasi wawili: leo atanyamaza tu.
Mbuzi watatu: ficha daftari la deni la duka,
mvishe Dolgoon viatu mapema,
tokeni.

Usidhani alikuwa mkali.
Alichoka, mpaka uchovu ukaota sauti yake wenyewe.
Mifugo yetu iliangushwa na baridi moja,
mia mbili na kumi, wamesimama wima, macho wazi.
Tukaja na hema letu la sufi
kwenye mlima unaoitazama Ulaanbaatar,
na baba akabaki kule kuhesabu mizoga.
Nadhani bado anahesabu.

Kabla ya herufi nilishajua kusoma.
Nilisoma kikombe kinavyotua mezani.
Nilisoma hatua za mama kwenye theluji:
fupi fupi, amelipwa;
za kuburuta, wamemwambia arudi Ijumaa.
Gunia la makaa nililisoma kwa mguu wangu:
yakifika gotini, siku tatu;
yakifika kifundoni, tutachoma kiatu cha mtu.

Jina la Dolgoon maana yake mtulivu,
na kweli hakulia.
Alinyonya mkono wa koti
mpaka ukaganda, ukawa ubao,
kisha akaugonga ubao huo kwenye dumu, ko, ko, ko,
njia nzima hadi kioski cha maji,
na mbwa wa jirani, sijui kwa nini,
walimwacha apite.

Shuleni Mwalimu Sarantuya aliuliza,
unaumwa wapi?
Nikaonyesha tumbo. Kila Jumatatu, tumbo.
Akanipa kidonge cheupe.
Nilikivunja kwa meno, nusu nikaiweka mfukoni
kwa ajili ya mdogo wangu asiyeumwa,
kwa kuwa chochote tulichopewa kilikuwa cha wawili.

Watu husema, watoto huzoea.
Mguu nao huzoea kiatu kinachobana:
hukunja vidole.

Sasa ninaishi ghorofa ya sita,
joto linakuja lenyewe ndani ya mabomba, usiku kucha, bila kuitwa.
Lakini mtu akiweka kikombe kwa nguvu
chumba cha pili, hata kama ni mume wangu, hata kama anacheka,
ninanyanyuka.
Nimeshika viatu vya mtoto
kabla sijajua nimeshika nini.

Kuna asubuhi moja.
Mifupa ilianguka mbuzi, mbuzi, mbuzi, mbuzi.
Sikuwahi kuona wanne.
Makaa yalikuwa kifundoni, duka lilishakataa,
Dolgoon alikuwa anakohoa kikohozi kile cha moshi
ambacho mtaa mzima ulikikohoa.
Nikatazama huku na huku, nikanyoosha kidole,
nikamgeuza mbuzi mmoja akawa farasi.

Kisha nikaona jicho.
Mama alikuwa macho, sijui tangu lini,
labda asubuhi zote zile.
Nikangoja sauti.
Mkono wake ukatoka kwenye blanketi,
umepasuka kwa sabuni za watu,
ukamgeuza wa pili.
Akaniangalia.
Nikamgeuza wa tatu.
Akamalizia.

Hatukusemezana neno.
Aliamka, akapasua mguu wa kiti, akawasha jiko,
tukanywa chai ya chumvi, maziwa kidogo sana.
Farasi wanne walikuwa bado pale juu ya blanketi,
na hakuna aliyetaka kutandika kitanda.

Siku hiyo tumbo halikuniuma.
Au liliniuma. Sikumbuki.
Ilikuwa Jumatatu.