Mibofyo Saba

Mama alisema, "Kesho nitapanda basi,"
akasema kwa upole, akikunja leso,
nami nikajua nimeshtakiwa.

Kwani gari lipo mlangoni, jekundu, dogo, jeuri,
bomba lake la moshi linakoroma hata likienda dukani.
Nililishusha mwenyewe kwa springi za bei ya mkato,
likalala chini kama paka anayevizia,
na vijana wa Blaenau wakaliinamia, wakapiga mbinja.

Lakini nyonga ya Mama ni mpya, ya chuma,
waliishona Bangor mwezi wa Februari,
na kutoka kwetu hadi kwa daktari wake
ni mlima, viraka juu ya viraka,
na ule wavu wa vyuma uliolazwa barabarani
kuwazuia kondoo wasihamie mjini.
Kila shimo lilimpanda uti wa mgongo.
Alishika mpini juu ya dirisha, hakunung'unika.
Luned binti Meirion hajui kunung'unika;
anajua kuhesabu.
"Arobaini na moja," alisema tulipofika.
Nikadhani anataja namba ya wadi.

Idwal alilizunguka gari mara mbili bila kuligusa.
Gereji yake ni banda walimokuwa wakipasulia mawe ya kuezekea,
mvua juu ya bati, redio inayoongea Kiwelishi,
mikebe ya grisi kando ya birika la chai.
"Ugumu si uimara," akasema.
"Kwenye kona ile ya juu, baada ya daraja, linaruka. Uongo?"
Kweli. Linaruka kama kijiwe juu ya maji,
na kwa miaka miwili mruko huo nimeuita kasi.
"Gurudumu lisilogusa barabara," akasema, "halina dereva."

Basi, Jumamosi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
niliinama, nikapiga magoti, nikalala chali,
kutu ikaninyeshea machoni.
Boliti ya chini kushoto ilikataa katakata.
Tukaipaka mafuta, tukaipasha moto, tukaitukana kwa lugha mbili;
ikaachia saa nane na robo, kwa mlio wa mfupa.
Shokomzoba ya zamani niliisukuma kwa kiganja,
ikazama, ikabaki huko huko, kama mtu aliyekata tamaa.
Mpya ilizama, ikarudi taratibu,
kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu.
Springi ndefu zaidi kwa vidole viwili;
bushi za mpira, si zile ngumu nilizozitamani;
stebilaiza nene nyuma, maana sijawa mtawa.

Nikanyakua spana. Idwal akanishika mkono.
"Usikaze bushi gari likiwa hewani.
Lishushe. Libebe uzito wake lenyewe.
Ndipo ukaze."

Juu ya kila shokomzoba kuna kifundo cha kuzungusha,
kinabofya: sifuri ni laini kabisa, ishirini ni chuma.
Zamani ningeanzia ishirini.
Jioni nilipanda mlima peke yangu, nikashuka, nikabofya, nikapanda tena.
Kumi na mbili: meno yanagongana.
Tano: pua inainama kwenye breki kama mtu aliyeangusha sarafu.
Saba.
Saba, na barabara ikaja mkononi ikiwa nzima,
kila kiraka kikajitaja jina, wala hakuna kilichopiga kelele,
na pale kwenye kona, baada ya daraja,
gari halikuruka.
Lilishusha pumzi tu, likaendelea.
Nilicheka peke yangu. Kondoo wakanitazama.

Jumanne Mama alikubali, shingo upande,
begi mapajani, mkono tayari kwenye mpini.
Tukavuka wavu wa vyuma. Nikamwangalia kwa jicho la pembeni:
mkono umeshuka, unamenya peremende.
Hakuhesabu.
Tulipoanza kuteremka niligusa breki mapema,
kwa heshima ya nyonga.
Akanigeukia, na miaka yake sabini na minne,
peremende shavuni.
"Hapo," akasema,
"baba yako hakuwahi kushika breki."