Dawa ya Kabureta

Lushinge alifika gereji saa tisa alasiri,
bunduki kaiviringisha kwenye kanga ya mkewe,
akailaza juu ya boneti ya Noa iliyokuwa inasubiri gasketi
kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala.
"Fundi, una ile dawa ya kabureta?"

Analinda ghala la mabondo kule Igogo.
Kampuni imempa risasi tano, zinahesabiwa asubuhi na jioni,
buti jozi moja kwa miaka miwili,
tochi bila betri.
Mafuta ya bunduki, wamemwambia, yako Dar,
yakifika ataitwa.
Huu mwaka wa tatu.

Ziwa haliisubiri Dar.
Linaipumulia chuma usiku kucha
na kutu haibishi hodi.
Alijaribu mafuta ya taa. Akajaribu dizeli,
akipaka kwa unyoya wa jogoo,
hadi ulipofika msimu wa wale wadudu
wanaoinuka majini kama moshi wa nyasi:
wakaingia mtutuni, wakaganda humo,
uji mweusi, unanuka dagaa.

"Kwanza risasi," nikasema.
Akazitoa mfukoni, moja, moja,
akazipanga ndani ya kikombe cha chai cha Misoji.
Misoji akakitazama kikombe chake.
"Mama Nyanzobe! Zima jiko kwanza!"
"Na chapati zangu?"
"Zima."

Nikaivunja bunduki kiunoni, nikachungulia.
Nyakato yote ilikuwa kitundu cha ukubwa wa shilingi:
jiwe moja, kamba, sketi ya shule.

Nikapuliza.
Dawa ile ni baridi, inauma hata penye kucha,
na inakauka upesi kama ahadi ya mdaiwa.
Ikatoka nyeusi, ikatoka kahawia,
zikatoka mbawa, mbawa ndogo ndogo zisizo na wadudu,
Lushinge akachuchumaa anaziangalia sakafuni
kama mtu anayesomewa barua.

Nilikuwa nimesahau kitako.
Gari halina mti, ndiyo sababu yangu, sina nyingine.
Dawa iliteremka pole pole, ikafika kwenye mbao,
na vanishi ya miaka yote ikaanza kulia asali.
Nikashika tambara, nikafuta haraka,
nikazidi kuiharibu.

Chini ya vanishi palikuwa na mikato.
Ya kisu, imesimama sambamba, saba.

Feni ya mtu wa kuchomelea ilikuwa inazunguka.
"Si yangu," akasema Lushinge.
"Nilikabidhiwa hivi hivi, inang'aa."
"Ni viboko," nikasema, "zamani walikuwa wanapanda hadi ghalani."
"Labda."
"Au miezi bila mshahara."
Hapo akacheka, akaacha ghafla.
Misoji aliinama karibu, kidole hewani, hakugusa.
"Minane," akasema. "Huu wa mwisho haukumaliziwa."

Chuma kilichovuliwa mafuta yote kiko uchi,
kesho kingeamka na kutu mpya.
Nikampa oili ya injini, safi, kifuniko kimoja,
tukapitisha tambara mara mbili, mara tatu.
Akazihesabu risasi kutoka kwenye kikombe.
Akazihesabu tena.
Akalipa kwa vichwa viwili vya sangara,
akaondoka na kanga yake, ananuka gereji.
Misoji alikiosha kikombe kwa Omo,
kisha akanywea chai kwenye kopo.

Usiku nilikula ugali kwa mkono uliokuwa bado na dawa.
Nilisugua kwa limau, nikasugua kwa majivu.
Kila tonge lina ladha ya kabureta,
na kila tonge, sijui kwa nini, nalihesabu.
Niliposhiba sikujua kama nimeshiba
au nimefika la saba.

Asubuhi Lushinge alikuwa mlangoni kabla sijafungua,
macho mekundu, buti zina umande.
Anataka vanishi, akasema, kopo dogo tu,
ila iwe ya rangi ya zamani.
Nilikuwa na ya makochi.
Akaichukua. Hakuuliza bei.