Siku Ambayo Hakuanguka

Kamati ilikaa Jumanne, makao ya wilaya, Kitgum:
watu watatu, meza moja, chupa tatu za maji.
Wakamwambia Ochan atembee toka mlangoni hadi dirishani.
Akatembea. Karani akaandika: anaweza.

"Fumbata vidole vyangu," daktari akasema,
naye akavifumbata mpaka daktari akacheka, akauvuta mkono wake.
Anaweza.
Vifungo vya shati akavifungua, akavifunga,
hata kile cha juu nilichokishona usiku kwa uzi wa rangi nyingine.
Anaweza.
Kuhesabu toka ishirini kurudi nyuma:
alikwama kwenye kumi na tatu, akaitafuta darini, akaipata.
Anaweza.

Miaka kumi na tisa nimelitafuta neno hilo
shuleni, kanisani, vinywani mwa mashemeji.
Leo limekuja, limekuja kunipokonya.

"Na hili kovu?" Sikio la kushoto, lililoyeyuka
siku kifafa kilipomtupa mafigani.
"Limepona," wakasema.
Na kweli limepona.

Nikiri jambo, Mungu akipenda anihukumu.
Mimi niombaye kila alfajiri asianguke,
asianguke kisimani, asianguke mbele ya lori la mkaa,
pale kwenye benchi niliomba aanguke.
Sasa hivi. Juu ya zulia lao.
Povu mdomoni, macho meupe, chupa zao zimwagike,
dakika mbili tu, wamwone ninayemwona.
Hakuanguka.
Ugonjwa nao una adabu mbele ya wakubwa.

"Mama, fomu inauliza ya leo," afisa akasema, wala si kwa ubaya.
"Rudi baada ya miezi mitatu. Kila akianguka andika
tarehe, saa, na shahidi asiye ndugu."
Akanipa kalamu.
Mimi na kalamu hatujawahi kujuana.

Njiani Ochan alinitangulia, mabega juu.
"Mama, kuna swali nililokosa?"
"Hakuna, baba. Yote umeyapata."

Alianguka Alhamisi, akipepeta ufuta.
Nilimlaza ubavu, nikakishika kichwa hadi kikatulia,
nikamfuta ufuta mashavuni, punje moja moja.
Kisha nikachukua kipande cha mkaa, mafiga yaleyale,
nikachora mstari nyuma ya mlango.
Nikageuka kutafuta shahidi asiye ndugu.

Palikuwa na kuku wawili,
wanadonoa ufuta uliomwagika.