Habari za Wafanyakazi

Kila Jumatatu nafuta ubao kwa kitambaa kibichi
naandika upya habari za hospitali yetu:
vitanda kumi na vinane, jiko la makaa ya mawe,
mlima nyuma, mlima mbele,
na barabara ya Naryn, ambayo theluji huikaza
kama mtu akazavyo kinywa cha gunia.
Mimi ni karani wa mafaili.
Kazi ya ubao nilipewa kwa ajili ya mwandiko.

*Kalbubu wa chumba cha kufulia anastaafu Ijumaa.
Miaka thelathini na sita. Tunamshukuru.*
Chaki imekatika katikati ya shukrani,
nami nimeliacha neno hivyo, mkia umepinda.
Kwamba amekataa kukabidhi ufunguo
hilo siliandiki. Ameufunga kiunoni kwa uzi wa sufu.
"Nikifa mtaukuta hapa hapa."
Wala siandiki vidole vyake, vilivyoliwa na magadi,
visivyosikia tena moto wa kikombe.

*Mashine ya eksirei imewasili kutoka Bishkek.*
Imewasili bila waya.
Saparbek dereva huisabahi kila apitapo,
huiuliza kama mgeni amelala salama.
Gari lake lenyewe la wagonjwa, asema,
halina breki ila lina adabu.

*Muuguzi Nurzat amerejea kutoka likizo ya uzazi.*
Saa nne hujifungia stoo, kati ya bandeji na pamba,
akajikamua kwenye chupa ya glukosi.
Juzi mke wa mfugaji alijifungua kabla ya miezi,
kitoto kizima hakikuzidi mkate,
na mama akalala siku mbili hajazinduka.
Kilinyweshwa kwa bomba la sindano, tone, subiri, tone,
maziwa ya stoo.
Mfugaji ameleta kondoo. Nurzat amemrudisha.
Kondoo amerudi mwenyewe, yuko uani, anakula kamba ya nguo.

Mkataba wa Daktari Azamat unakwisha mwezi wa tano.
Hilo halihitaji chaki, kila mtu analihesabu kimoyomoyo.
Mpishi humzidishia nyama.
Saparbek alimwazima farasi, apende mahali,
farasi akamtupa mtoni.
Alijifunga kiwiko mwenyewe, kwa mkono wa kushoto,
na sisi sote tulikuwa na shughuli dirishani.

Kitanda cha saba hakuweza kuinuka kusoma.
"Wewe wa mafaili, nisomee ukuta."
Nikamsomea: Kalbubu, mashine, Nurzat.
Alisikiliza macho yamefumbwa.
"Na mimi je?"
Nikamwambia, mzee Dooronbek, hizi ni za wafanyakazi.
Akacheka, kikohozi kikamkatiza.
"Ukuta huo unaouandikia, nani aliupiga lipu?
Kona ya kushoto imekwenda upande.
Siku ile nilikuwa nimelewa.
Ruble zangu mbili hawajanilipa mpaka leo."

Nilikwenda nikapima kwa uzi na kokoto.
Kweli, imekwenda upande.
Miaka tisa nimeandika mistari ikiteremka
nikilaumu bega langu.

Alifariki Jumatano, umeme ulipokatika,
Azamat akimshikia tochi kwa meno.
Shuka zake Kalbubu alizifua peke yake,
maji mara tatu, hakutaka msaidizi.
Alhamisi, chini ya Nurzat, nikaongeza mstari:
*Dooronbek, mwashi. Anadai ruble mbili.*
Mkuu wa hospitali alisimama, akasoma,
akapapasa mfukoni, akaenda zake.

Ijumaa tulikula keki. Kulikuwa na hotuba.
Kalbubu alipewa saa ya ukutani
akaitazama kama mtu aliyepewa samaki asiyejulikana.

Leo Jumatatu, saa kumi na mbili alfajiri,
bomba la chumba cha kufulia linatoa moshi.
Hakuna aliyeuliza.
Nalowesha kitambaa.
Naandika, nikifuata mteremko wa kona:
*Kufulia: kazi inaendelea.
Mwenye kondoo aje amchukue.*