Kunazi za Barafu

Mbaruku, picha zako za Januari bado tunazo.
Gari lako limevishwa sanda,
na wewe kando, kofia mpaka puani,
umeshika koleo kama mtu anayedai deni.
Mama aliuliza: hiyo nchi, nani ameilaani?
Nikamwambia kuna watu hulipa pesa
wateleze juu yake.
Akavuta leso, akageukia ukuta.

Leo zamu yangu kukuhadithia,
wala huna haja ya kuniamini.

Ilikuwa Jumanne, kipupwe kimekaa,
ule ubaridi wetu unaoucheka wewe,
wa kuvaa sweta la skuli hadi saa nne.
Nilikuwa darini, hapa hapa Guraya,
namwagilia mikebe yangu kumi na saba ya rangi:
nyanya, mrehani, dhania iliyogoma kuota,
na mbilinganya mmoja
wenye kiburi cha mtoto wa pekee.
Maji ya kisima unayajua,
yanakoza wali bila chumvi.
Ndiyo maana nanunua dumu kwa Kenga,
kila mche nampa kikombe,
kama mgawo wa dawa.

Kisha mbingu ikapasuka.
Sisemi ilinyesha. Ilirusha.
Mabati ya jirani yakalia kama choroko
zinamwagwa kwenye ungo,
halafu mbaazi, halafu kokoto.
Bi Swabra akatoka na ufagio
kuwatukana watoto wa chuoni:
Nani anayenipiga mawe?
Akabaki mdomo wazi, ufagio juu,
kama mtu aliyesahau shtaka lake.

Kunazi, Mbaruku. Za barafu.
Nyeupe, zenye kiini cha ukungu.
Ziliruka ukutani, zikaingia viatuni,
zikajaza sahani ya paka.
Mwalimu Dzombo, aliyetufundisha jiografia
kwamba mvua ya mawe ni mambo ya bara, ya huko kwenye chai,
alikuwa uani na taulo,
ushahidi unamdunda kiparani.
Watoto wakakinga bakuli,
na Mama Tima, biashara haimpiti,
akamwagia ukwaju, akauza shilingi kumi.

Dakika nane.
Mgeni hakungoja mchele wala panza,
sembuse siku ya tatu tumpe jembe.
Jembe nililishika mimi.

Mrehani ulichanika, ukanukia dari nzima,
harufu ya harusi na ya maziko kwa pamoja.
Nyanya saba chini.
Mbilinganya, kiburi kile kile,
tundu moja tu kwenye jani.
Nikazizoa zile kunazi kwa sahani ya bati,
nikazipanga ukingoni mwa mikebe, mbali na shina,
maana uliniambia baridi huchoma kama moto
na mimi nilicheka.
Zikayeyuka nikiwa nimechuchumaa,
taratibu, udongo ukizinywa bila pupa:
maji matamu, bila dumu, bila Kenga.
Dhania imeota juzi. Sijui kama ndiyo sababu.

Na ile mbegu ya mchicha
niliyokushonea ndani ya upindo wa kanzu,
ukailea dirishani chini ya taa ya zambarau,
umeshaitoa nje?
Ulisema ilitoa majani manne
huku theluji imefika kwenye kioo,
na kwamba huthubutu kuyachuma.
Yachume.
Mchicha huudhika ukiheshimiwa mno.

Kunazi moja nilikuwekea kwenye friza,
ndani ya kifuko, kando ya nyama.
Alhamisi stima zikapotea mpaka alfajiri.
Nilipofungua palikuwa na maji kidogo,
kama kijiko cha dawa ya kikohozi.
Nilitaka kuyamwaga kwenye mkebe.
Mama akanishika mkono, akayanywa,
akakaa nayo mdomoni kitambo.
Kisha akasema:
hii nchi yake haina chumvi.