Pa Kukatia Ng'ombe

Kazi iliisha Jumanne. Jina ndilo lililotukesha.

Maktaba yenyewe ni ndogo: inajua neno likatwe wapi
likifika ukingoni mwa mstari.
Aliyeiandika kwanza, bwana mmoja wa nchi ya theluji,
hakuwahi kukutana na ng'ombe wetu. Alimchinja hivi: ng-
'ombe. Kichwa huku, roho kule.
Tukaihamisha, mimi na Sechelela, miezi mitano,
chumba cha kupanga Ng'ong'ona, mtaa wa ritifaa mbili,
feni ikisukuma vumbi la Septemba
kutoka kona hii kwenda ile.
Jina la bwana yule tumeliacha juu ya kila faili.
Leseni inataka hivyo. Adabu pia.

Ila maktaba yetu iitwe nani?
Mkasi? Kuna mtu alilishika miaka saba iliyopita,
akaweka faili moja tupu, akaenda zake.
Kisu kinatisha. Silabi ni daftari la darasa la pili.
Nikasema basi iwe ng'ombe,
Wagogo sisi, nani atatuuliza?
Mashine ikaikataa ritifaa: herufi hairuhusiwi.
Nikaandika ngombe. Sechelela akanitazama
kama mtu aliyelipa mahari akaletewa ndama asiye na mkia.
"Kazi yote tumeifanya kwa ajili ya hiyo alama,
halafu wewe unaivua mlangoni?"

Njaa ikatutoa nje, mpaka kwa Mama Mbeleje:
ugali wa uwele, mlenda wa kukausha.
Sechelela akamega, akachovya, akainua mkono,
na ule uzi ukainuka naye kutoka bakulini,
ukarefuka, ukakonda, ukafika kidevuni, haukuka-
tika.

Akabaki vile vile, mkono hewani.
"Mlenda," akasema.
Nikacheka. Chombo cha kukatia,
tukipe jina la kisichokatika?
"Neno halikatwi," akasema. "Linavuka."
Uzi bado unaning'inia.

Saa nne usiku tukapakia. Toleo sifuri nukta moja.
Mama akapiga simu kutoka Mvumi, kaka alikwisha mwambia:
"Miaka minne ya chuo, mwanangu, mlenda?"
Ndiyo, mama.
Akanyamaza kidogo.
"Wa kukausha, au mbichi?"